Pumua Nikuone

Baba Kerubo wangu,

Leo nimechuma majani chai peke yangu, nikarudi nyumbani, nikamimina chai vikombe viwili. Mimi huyu! Cha pili nimekinywa pia, kikiwa baridi, halafu nikaona afadhali nikuandikie. Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyoniandikia ukiwa kwenye mafunzo ya mifugo, ingawa hapa ndani tulisema Kigusii chetu.

Unakumbuka ile Sabato ya kule Magwagwa? Tulikuwa tumetoka kanisani, mimi na gauni langu jeupe, Mama Moraa akaja mbio kukuita. Ng'ombe wake wa gredi alikuwa amezaa kwa shida na ndama hapumui. Moyo ulikuwa bado unapiga, lakini kifua kimelala. Ukapitisha mpira mwembamba mdomoni mpaka ndani ya koo la hewa, ukaagiza mvukuto wa mhunzi jirani, ukauchomeka kwenye mpira ule. Watu wakacheka. Hata Mama Moraa, na machozi yake usoni, aliuliza kama unaokoa ndama ama unafua jembe.

Hofu yako ilikuwa kusukuma kupita kiasi, maana mapafu ya ndama ni madogo, yanapasuka. Na ukiharakisha, hewa haipati nafasi ya kutoka. Ukanisimamisha mbele yako.

"Pumua nikuone," ukasema.

Nilipovuta pumzi, ulibana mvukuto. Nilipoiachia, nawe uliachia. Gauni liliingia tope na sikujali, niliogopa hata kukohoa. Tukaenda hivyo, mimi na wewe na ndama, mpaka akapiga chafya na kurusha mguu, na Mama Moraa akaketi pale pale kwenye tope akicheka. Tangu siku ile ulinipakia kwenye pikipiki kila ulipoitiwa ndama wa namna hiyo. Walikutania kwamba bwana mifugo hawezi kazi bila bibi yake, nawe ukawajibu kuwa ni kweli.

Ulipolazwa kule Kisii mjini, kifua kimekubana, ulikuwa unahema haraka haraka. Nikasimama miguuni mwa kitanda nikapumua polepole, unione. Ukanifuata. Ulinifuata vizuri, macho yako hayakuniacha, hata nikadhani tumeshinda. Kisha nikavuta pumzi, wewe hukuvuta. Nikaendelea tu, nikidhani umechelewa kidogo. Nesi ndiye aliyenishika bega.

"Mama, inatosha," akaniambia.

Yule ndama siku hizi ni ng'ombe mzima, na Mama Moraa huniletea maziwa yake. Nashukuru, nayanywa. Lakini nina hasira nawe, wacha nikwambie waziwazi. Kerubo ameolewa Sironga, nyumba imenyamaza, nami najisikia nikipumua tangu asubuhi. Zamani pumzi hii ilikuwa na kazi.

Basi pumzika, baba. Mimi bado naivuta polepole, vile ulivyopenda, ila hakuna mkono unaoifuata.

Ni mimi mkeo,
Mama Kerubo