Kisanduku cha Ndugu

Kinyerezi, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa Mama yangu, Newala.

Assalaam alaykum, Mama, na shikamoo. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilikufikia, au imeishia kwenye goti la dereva? Na mikorosho ya nyuma ya nyumba, ile mitatu ya marehemu Baba, imeshaanza kutoa maua? Huku sisi miili ni mizima. Mwajuma hajambo, anasumbuliwa na jino tu. Wajukuu zako wanakula kama wamekodishwa. Mdogo, Asha, ameota upya meno ya mbele na sasa anacheka hovyo ili watu wayaone.

Najua barua imekushtua, maana siku hizi nani anaandika barua? Simu nimeishika mara nne wiki hii. Kila nikikusikia unasema "Haloo, mwanangu," nakuuliza habari za mvua. Mara ya nne ukaniambia, "Issa, mbona mvua umeniuliza jana?" Ndiyo maana naandika. Naomba uisome mwenyewe, Mama. Usimpe dada Zuhura akusomee, wala mtu mwingine yeyote. Ile elimu ya watu wazima uliyohangaika nayo na kibatari chako, leo ndiyo siku yake ya kukusaidia. Soma polepole, na kaka Bakari asiwepo karibu. Nadhani atakuwa ameshafika nyumbani kabla ya barua hii. Kama amefika na amenyamaza, hizi ndizo sababu za kunyamaza kwake.

Hujawahi kuijua vizuri kazi yangu, na kosa ni langu. Najua huko wanasema Issa ni jasusi. Ningekuwa jasusi wangenipa japo miwani myeusi. Kazi yenyewe ni ya viatu. Mtu akiomba kazi pale ubalozini, awe dereva au mpishi au mtunza bustani, anajaza fomu ndefu: alizaliwa wapi, amekaa wapi, ndugu zake ni nani. Mimi nachukua fomu ile natembea nayo. Naenda kwa mjumbe wa mtaa, kwa muuza duka, kwa mama wa maandazi, nauliza: huyu mnamjua? Ana watu wake? Ana tabia gani? Nikirudi naandika ripoti, naweka sahihi. Mbweni kwenye nyumba mpya unagonga geti mpaka mkono unauma, na jirani hamjui jirani. Temeke ukiuliza habari za mtu mmoja unapewa na za babu yake. Ndiyo kazi, Mama. Nimeifanya miaka tisa.

Sasa kwenye fomu ile kuna kisanduku cha ndugu. Na kwao ndugu ni yule mliyezaliwa naye baba mmoja mama mmoja, basi. Watu wetu wanajaza kama wanavyoishi. Binti mmoja wa hapa hapa Kinyerezi aliandika majina mawili ya baba. Wakubwa wakasema huyu mwongo, mtu hawezi kuwa na baba wawili. Nikaenda mtaani kwao, nikakuta wa pili ni baba yake mdogo, ndiye aliyemlea na kumsomesha. Basi mwisho wa ripoti, pale penye nafasi ya maelezo ya ziada, nikaandika mstari mmoja: kwa desturi ya huku, baba mdogo ni baba, na mwombaji hakukusudia kudanganya. Binti akapata kazi. Tangu siku hiyo mstari ule nimeuandika mara nyingi mpaka wenzangu wakaniita Mzee wa Desturi. Nimewaandikia Wahaya, Wangoni, Wazaramo, watu nisiowajua hata kwa sura. Nilikuwa najivunia, Mama. Nikitembea mtaani nilijiona mtu wa maana.

Miezi miwili iliyopita ikatoka nafasi ya fundi seremala wa kudumu, wa kutengeneza samani za ofisi na za nyumba za maofisa. Mimi mwenyewe nilimpigia kaka. Unajua hali yake pale Keko: anapiga randa kando ya barabara, jua lote lake, vumbi la mbao na la magari lote kifuani. Kile kikohozi ulichokisikia kwenye simu ukaambiwa ni mafua, Mama, si mafua. Nilitaka apate paa juu ya kichwa na kadi ya matibabu. Akaenda kwenye jaribio la ufundi. Walimpa kiti kilichovunjika mguu, akakiunga bila msumari hata mmoja, na yule mkaguzi akakikalia, akanyanyuka, akakikalia tena kama mtoto. Siku hiyo hiyo kaka akajua amepata. Akaachia sehemu yake pale Keko kwa fundi mwingine, pamoja na ile meza yake nzito, kwa furaha tu, kwamba na mwenzake naye asogee. Kilichobaki kilikuwa ukaguzi wa usalama.

Akanipigia anaulizia fomu. "Dogo, hapa wananiuliza kama nina ndugu anafanya kazi humo. Niandikeje?"

Nilikuwa kwenye mwendo, nikamjibu haraka haraka kama ninavyowajibu wote: "Andika ukweli mtupu, kaka. Humu mtu hafukuzwi kwa kingine, anafukuzwa kwa uongo."

Akaandika ukweli wake. Ndugu: Issa, mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja.

Mama, hapa ndipo ninapotaka usinitupe mkono kabla sijamaliza. Mimi miaka tisa iliyopita, siku ninayoajiriwa, nilijaza fomu ile ile. Yule mzee wa kigeni aliyekuwepo wakati huo alinieleza maana ya ndugu kwa lugha yao, na mimi nikataka nionekane mwerevu, kijana anayeelewa mambo upesi. Penye mama nikaandika jina la marehemu ndugu yako, Asha, aliyenizaa, na mbele yake: amefariki. Penye ndugu nikaandika: hakuna. Wewe sikukuandika popote. Katika jalada langu lile, Mama, wewe humo. Kaka hayumo, dada Zuhura hayumo. Mtu akilisoma ataona mtoto aliyeota mwenyewe kama uyoga. Nilikuja nikasahau kabisa, maana nikirudi nyumbani wewe ulikuwa Mama na Bakari alikuwa kaka, na karatasi ilikuwa karatasi tu.

Jalada la kaka hawakunipa mimi, walimpa mwenzangu Dismas. Akaenda Keko kwa mjumbe. Mjumbe, yule mzee wa Kimatumbi, alimwambia kwa raha zake, "Bakari na Issa? Wale ziwa moja. Mkubwa kaachishwa ziwa hata miaka miwili hajafika ili mdogo anyonye. Kwetu sie Waislamu huyo ni ndugu kamili, hata binti wa huyu, yule hamuoi." Unaona Mama, kaka mpaka mambo ya ziwa amewasimulia watu wa Keko. Alikuwa anayatamba. Dismas akaandika yote, akapeleka kwa mkubwa wetu. Mkubwa akaweka fomu mbili mezani, ya kaka na yangu. Moja inasema wapo, moja inasema hakuna.

Akaniita. Ni mama wa makamo, mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Akaniuliza kwa utaratibu: "Huyu ni ndugu yako?"

Nilikuwa na majibu mawili, yote mafupi. Nikisema ndiyo, basi mimi ndiye niliyedanganya miaka tisa, mimi ninayekagua uongo wa wengine. Wangenitoa getini siku hiyo hiyo. Nikisema siyo, mwongo ni kaka. Nikawafikiria watoto, nikaifikiria nyumba hii isiyokwisha kupauliwa. Nasema nilifikiri, lakini nisikudanganye na wewe. Niliogopa tu.

Nikasema, "Siyo. Ni mtoto wa dada wa mama yangu."

Akaandika. Halafu akanisogezea karatasi niweke sahihi, akaweka kidole kwenye ile nafasi ya chini, ya maelezo ya ziada. Akasema, "Kwa kawaida huwa una la kusema hapa, kuhusu desturi. Leo huna?"

Alinifungulia mlango, Mama. Mgeni, mtu asiyejua hata ugali wa makopa ni nini, ndiye aliyenifungulia mlango, akaushikilia na kuningoja. Ule mstari nilioandikia nusu ya Dar es Salaam, ningeuandika kwa macho yamefumbwa. Ungemsaidia kaka, nami labda wangenionya tu, labda wangenifukuza, sijui. Nilichukua kalamu nikaandika: hakuna. Nikaweka sahihi.

Barua ya kaka ilitoka baada ya siku nne. Amekataliwa kwa kutoa taarifa zisizo za kweli kuhusu undugu, na haruhusiwi kuomba tena maisha yake yote. Chini wakaongeza, kama wanavyofanya siku zote, kwamba hilo limethibitishwa na mtumishi anayehusika. Mtumishi anayehusika ni mimi.

Jumapili iliyopita, saa nne asubuhi, akaja hapa nyumbani. Unamjua kaka anavyoingiaga kwangu: anapitia jikoni, anafunua sufuria, ndipo anapiga kelele, "We dogo, uko wapi?" Siku hiyo alisimama nje ya geti. Akapiga hodi. Amevaa kanzu yake ya Idi, karatasi imekunjwa mkononi. Nikatoka. Mwajuma alikuwa anafua, watoto wanacheza na maji ya povu.

Akainamisha kichwa kidogo akasema, "Shikamoo, afisa."

Na mimi, Mama, nikaitika, "Marahaba."

Wallahi sikukusudia. Kila siku natembea na kitambulisho kifuani, watu wazima kuliko mimi wananiamkia kwa sababu wanataka kazi, na kinywa kimezoea kuitika chenyewe. Neno lilitoka kabla sijatambua ni nani aliyeniamkia. Asha akacheka, akapiga makofi na mapovu yake: "Baba mkubwa kamwamkia baba!" Mwajuma akaacha kufua.

Nikasema, "Karibu ndani, kaka."

"Sikai. Nataka uniambie moja tu. Hii karatasi inasema we ndo umesema. Umesema?"

"Kaka, lugha yao wale ni—"

"Issa. Umesema au hujasema?"

"Nimesema."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepima ubao akaukuta mfupi. "Mie nilikuuliza niandikeje, ukanambia ukweli. Sasa kumbe ukweli wako na wangu mbalimbali. Basi. Sie mafundi tungejuaje."

Akakohoa, akajifuta. Akamwita Asha akampa pipi mfukoni kama kawaida yake, akamshika kichwa. Hakuniaga. Alishuka na ile njia ya vumbi inayopita karibu na mitambo ya gesi, kanzu inapepea, na mimi nikabaki nimeshika geti. Jumatatu nikaenda Keko. Pale mahali pake kuna fundi mwingine anatengeneza vitanda. Akaniambia Bakari amefunga randa na patasi zake kwenye kiroba, amepanda basi la kusini. Simu yake haiiti.

Mwajuma hajanilaumu kwa mdomo. Anapakua chakula, anarudi jikoni. Dismas kazini ananipisha mlangoni kwa heshima ambayo hakuwa nayo zamani, na heshima hiyo sitaki kuieleza.

Nilijiambia nitaenda kwa mkubwa nikaseme kweli. Nimejiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi nikifika getini naonyesha kitambulisho, napita, nakaa, nafungua jalada la mtu mwingine. Sidhani kama nitakwenda, Mama. Nakwambia hivi ili usije ukaanza kuningojea. Hata nikienda, ile nafasi imeshapewa mtu, na pale Keko pameshachukuliwa. Na lile la getini, mkubwa yupi atalifuta?

Tena kuna hili. Wiki hii zimekuja fomu zetu, maana kila baada ya muda na sisi wakaguzi tunakaguliwa. Yangu iko hapa mezani, nimeijaza yote isipokuwa kisanduku kile kimoja. Inatakiwa kesho. Najua nitakachoandika. Nitaandika hakuna, kama mwanzo, na naogopa kwamba safari hii nitakuwa nimeandika kweli.

Msamaha siombi, sijui nianzie wapi kuuomba. Ulimwondoa mwanao kifuani ukaniweka mimi, na mimi nimemwondoa tena. Jambo moja tu nakuomba. Bakari akipita hapo kijijini watu watamsalimia kama desturi, watamuuliza, "Na mdogo wako huko Dar, hajambo?" Lazima watamuuliza. Wewe sikiliza anavyojibu, uniandikie maneno yake yale yale, usiyapunguze makali. Hata kama ni mabaya. Hata kama hakujibu.

Nisalimie dada Zuhura na mumewe, mwambie viatu vya shule vya watoto nitavituma na basi la Ijumaa. Nisalimie shangazi Somoe, mwambie sijasahau ungo wake. Nisalimie mjomba Chande, na maalimu wetu wa chuoni, yule aliyetufundisha mimi na kaka kwenye mkeka mmoja, kama bado anaona vizuri. Kaka usimpe salamu zangu. Mwekee tu maji ya moto ya kuoga, na umchemshie mkaratusi kwa ajili ya kile kifua.

Ni mimi, Issa, uliyeninyonyesha.