Saini ya Tiara Ndogo

Jumatatu, 12 Ramadhani

Nimelehemu tangu asubuhi. Vidole vinanuka risasi. Feni imekufa tena, na karakana yetu hapa mtaa wa Malindi iko juu ya bandari, kwa hiyo kila boti ya Dar ikipiga honi meza inatikisika na mkono wangu unapotea. Hata hivyo, Tiara ndogo kumi na mbili, mashine zetu za michezo za mkononi, zimekamilika leo. Zinawaka. Kioo safi, vitufe havikwami, mchezo wa bao unakwenda vizuri kuliko kwenye Tiara kubwa.

Tiara kubwa hainunuliwi tena. Nani ataweka mashine ya michezo sebuleni wakati kila mtu ana simu? Ndiyo maana binamu yangu Suleiman aliacha kazi ya hoteli kule Mbweni, akaitia roho yake yote katika hii ya mkononi. Kampuni ni yake, ufundi ni wangu. Anataka itoke kabla ya Idi, watoto waikute madukani na pesa zao za sikukuu mkononi. Ikikosa Idi, tunafunga. Amesema hivyo na mimi namwamini.

Jumanne, 13 Ramadhani

Betri moja imevimba. Niliiacha mashine dirishani, juani, nikaenda kuswali adhuhuri. Kurudi, ina tumbo, na mgongo wake umeachia.

Nikamwonesha Suleiman. Akaigeuza geuza. "Da Asya, nani atakianika kitu hichi juani kama dagaa?" Nikacheka. Betri nzuri zingefika baada ya Idi, hizi ndizo tulizopata. Nimeandika kwenye daftari la majaribio: haipendi joto, lakini haitawekwa motoni.

Ijumaa, 16 Ramadhani

Tiara tatu zimetoka kwenda majumbani zikajaribiwe. Moja nimeipeleka Chukwani kwa Mwanakheri, shoga yangu tangu darasa la kwanza. Mwanawe Ilham ana miaka tisa na maswali yasiyokwisha. Suleiman amekubali kila mtoto wa majaribio abaki na yake, iwe zawadi ya Idi. Ilham alipoambiwa aliishika kwa mikono miwili, kama anashika yai.

Mwanakheri akanifungia mkate wa kumimina nifuturie. Nimeumaliza peke yangu. Mama amenuna.

Jumatatu, 19 Ramadhani

Msambazaji kaja. Atachukua mzigo wote tarehe ishirini na nane, awapelekee wenye maduka Darajani. Ila anataka karatasi yenye saini mbili, ya mwenye kampuni na ya fundi, kwamba kitu ni salama.

Suleiman kashatia yake. Mimi nimesema nasubiri majaribio yaishe. Hakupenda. Funga inamfanya mkali, na mimi vilevile, basi tumeshinda kutwa hatusemezani.

Jumamosi, 24 Ramadhani

Mwanakheri kaungua mikono. Ni Tiara.

Siwezi kuandika leo.

Jumapili, 25 Ramadhani

Nimetoka hospitali, nikapitia zile nyumba mbili nyingine na kuzichukua Tiara zao.

Ilikuwa hivi. Jana baada ya alasiri Mwanakheri alikuwa anafukiza nguo za Idi. Chetezo chini, makaa na udi, tenga juu yake, nguo juu ya tenga. Gauni jipya la Ilham, ushungi wake, na Tiara imekunjwa humo humo ndani ya gauni. Kila kipya cha Idi hupitishwa juu ya udi, na Tiara ilikuwa kipya. Alitaka siku ya Idi mwanawe aishike inanukia.

Ikapasuka. Gauni likashika moto. Ilham akakimbilia kuokoa gemu yake. Mama yake akamwahi, akavikumba vyote kwa mikono yake na kuvitupa uani. Mtoto hakuguswa.

Mwanakheri amefungwa bandeji mpaka viwiko. Daktari hajui kama vidole viwili vya mkono wa kulia vitakunjika tena. Ni mshonaji kofia yule. Mkono huo ndio wa sindano.

Aliponiona akaanza kulia. "Nsamehe, Asya. Nshakuharibia kitu chako."

Mimi ndiye niliyeombwa msamaha. Nilimfuta machozi kwa sababu mwenyewe hawezi, na neno halikunitoka. Najichukia.

Jumatatu, 26 Ramadhani

Suleiman alikwenda kumtazama mgonjwa, akapeleka matunda, akarudi na dawa ya tatizo: tutabandika karatasi nyuma ya kila mashine, USIWEKE KARIBU NA MOTO. Anasema ni uzembe wa mtu mmoja, hautatokea mara ya pili.

Nilidhani nitampigia kelele. Sikuweza, kwa sababu hajui. Kanzu yake humfikia imeshanukia. Hajapata kushika chetezo maishani mwake. Mimi nafukiza nguo tangu nina miaka minane. Tenga letu limetundikwa jikoni, nalipita kila nikienda kukoroga uji. Wiki mbili kabla ya Idi, katika mji ambao kila nyumba itawasha udi, nimekaa na kalamu yangu nikaandika haitawekwa motoni. Katika watu wawili wa kampuni hii, mwenye kujua nilikuwa mimi.

Kabla ya magharibi nimejaribu mwenyewe uani. Chetezo, tenga, kanga kuukuu, Tiara moja ndani. Kabla hata kanga ile haijakolea moshi, betri ikawa imeshavimba. Nikaiopoa kwa koleo, nikaizika kwenye ndoo ya mchanga.

Mama alikuwa mlangoni. "Na hicho ndicho mnachotaka kuwapa watoto wa watu?"

Nikafuturu kwa maji tu.

Jumanne, 27 Ramadhani

Nimemwambia sitii saini. Nikamweleza habari ya udi, nikamweleza na jaribio. Nikamwambia tungoje betri nzuri, tutoe baada ya Idi. Akasema baada ya Idi hakuna kampuni. Kweli. Akasema namzika mzima. Kisha akanikumbusha nani alinipa kazi nilipoachwa na mume, nikarudi kwa mama na sanduku moja. Ni yeye. Kweli vilevile. Imeniuma, na alijua itaniuma.

Alipokuwa anateremka ngazi akageuka. "Saini yako mimi nnaijua, Da Asya. Kuiandika si kazi ngumu."

Sijui kama alikuwa anatisha tu. Suleiman si mtu mbaya. Lakini hajalala siku nyingi, na mzigo unachukuliwa kesho.

Jumatano, 28 Ramadhani

Nimefungua karakana baada ya alfajiri. Nimechukua bisibisi ndogo, nikaanza na rafu ya juu. Skrubu nne, mfuniko, kuchomoa betri, ndoo ya mchanga. Skrubu nne, mfuniko. Zile mashine nilizijenga moja moja, kuna nyingine nazijua kwa mkwaruzo. Kufika adhuhuri nilikuwa na malengelenge. Nikaona haya kuyaita maumivu.

Suleiman alikuja nimebakisha rafu moja. Akatazama ndoo. Akatazama mifuniko sakafuni.

"Zote?"

"Zote."

Akakaa kwenye kizingiti. Msambazaji akapiga simu, ikaita mikononi mwake mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Mimi nikaendelea na skrubu zangu, maana nikisimama ningemwonea huruma na nikimwonea huruma ningekosea. Alipoinuka aliweka ufunguo wake mezani, polepole, akaondoka. Hakubamiza mlango. Ningependa angebamiza.

Alhamisi, 29 Ramadhani

Mwezi haukuonekana. Kesho tunatimiza thelathini.

Nimelala kutwa. Sijutii. Nimehuzunika tu, na nimechoka, na sina kazi.

Jumamosi, 1 Mfunguo Mosi

Idi. Suleiman hakuja kumwamkia mama. Tangu azaliwe hajapata kukosa. Mama alimwekea biriani yake chini ya kawa mpaka alasiri, kisha akaifunua na kuirudisha sufuriani.

Nikaenda Chukwani. Mwanakheri katolewa hospitali. Nimemlisha kwa mkono wangu, tonge dogo dogo, naye akanitania kwamba nalisha vibaya, ndiyo maana sikujaaliwa mtoto. Tukacheka. Vidole vile viwili bado havijakunjika. Nikamwambia lile nililoshindwa kulisema hospitali, kwamba niliiona betri ikivimba kabla sijaipeleka kwake, nikanyamaza. Akaniomba maji, nikamnywesha. Hakusema amenisamehe.

Ilham alikuwa amevaa gauni la mwaka jana, limempanda juu ya vifundo. Akaja kunipa mkono wa Idi. Nilipombusu nilisikia harufu ya sabuni tu. Chetezo kilikuwa uani, kimefunikwa bati.