Bati Nilizopandisha kwa Pikipiki

Mpendwa Mama Yunisi, shikamoo. Nisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji chetu huku milimani Ileje, na juu yetu kuna msitu wa hifadhi ambao ndani yake limebaki kanisa la kwanza la wazee wetu, la matofali mabichi, tunapanda kusali humo kila Jumatatu ya Pasaka. Mwaka juzi pikipiki zilikuwa zinashusha mkaa na mbao kila siku, tukakaa kikao tukaweka sheria kwamba tairi lolote lisivuke kizuizi cha kuingilia msituni, anayetaka kanisa apande kwa miguu, na kusema kweli aliyepiga kelele kuliko wote siku ile ni mimi. Sasa masika iliyopita upepo ukang'oa nusu ya paa, na matofali mabichi yakinyeshewa yanarudi kuwa udongo, mwenyekiti akasema tutalijadili, tukalijadili mpaka nikachoka, basi nikanunua bati ishirini, nikamwomba shemeji yangu Lucky azipandishe kwa pikipiki Jumapili mbili, watu wakiwa ibadani, maana ufunguo wa kizuizi ninao mimi.

Alama za tairi zikaonekana. Lawama akabebeshwa Osward, dereva wa bodaboda, kwa sababu aliwahi kukamatwa na mkaa, pikipiki yake ikafungiwa ofisi ya kijiji, na mwisho wa mwezi kikao kitaamua kama azuiwe kubeba abiria hapa kwetu. Alipohojiwa, mwandika muhtasari nilikuwa mimi. Akaniangalia akasema, "Dada katibu, andika kwamba nimekataa." Mama, nikaandika mtuhumiwa hakuwa na la kusema.

Nikisema sasa, kamati itaamuru bati zishuke, na mvua za Novemba zitalimaliza kanisa. Nafikiria ninyamaze mpaka paa liezekwe, halafu ndiyo niungame. Je, nakosea?

Katibu, Ileje

Marahaba, mwanangu. Pole kwa paa. Kwa hayo mengine sikupi pole.

Unakosea, na unajua. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: sheria ilikuwa tamu ilipowabana wachoma mkaa, ilipokugusa wewe ukachukua ufunguo. Sheria yenyewe ni nzuri, msiifute. Pikipiki zikirudi, kanisa litabaki katikati ya visiki, na Pasaka mtapanda kuangalia nini?

Halafu niambie, watu uliwaomba? Barua nzima sijaona ulipowaomba. Waliojenga kanisa hilo hawakuwa na pikipiki hata moja. Kila Pasaka mnapanda kundi zima na vitabu vya nyimbo mkononi, wakati huko kwenu mama anashuka sokoni na mkungu wa ndizi kichwani wala haombi lifti. Bati moja na ngata yake ni mzigo wa mtu mmoja. Mlikataza tairi, hamkukataza kichwa.

Sasa fanya hivi. Anza kwa Osward, siyo kwa mwenyekiti. Nenda nyumbani kwake, umwambie mbele ya mkewe kwamba ni wewe. Usiende na zawadi. Kisha mwende pamoja ofisini ukaseme hayo hayo, pikipiki irudi siku hiyo hiyo, usahihishe muhtasari kwa mkono wako na ukabidhi ufunguo. Lucky utamtaja, ila useme aliyemtuma ni wewe. Habari ya bati, kamati ndiyo iamue. Wakisema zishuke, utazishusha kwa kichwa, wa kwanza wewe, halafu uombe kibali watu wazipandishe tena kwa vichwa vyao kabla ya Novemba. Wataudhika, lakini watapanda, kanisa ni lao pia. Ukivuliwa ukatibu, vuliwa.

Hilo la kungoja paa lisahau kabisa. Barua yako imechukua siku tisa kunifikia, na siku zote tisa Osward anatembea kwa miguu kwa kosa lako. Ukifika hapa, kunja gazeti, uende.