Mbu wa Chumba cha Salimu

Jumatatu, 7 Juni 1999

Bongwe tena. Alfajiri nzima mrija wa kioo mdomoni, tochi mkononi, nafyonza mbu kutani mwa watu. Kwa mama hatukupata hata mmoja. Nyumba yanuka udi! Alisikia wageni waja, akafukiza tangu jana jioni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," asema, uso umemnawiri. Daktari wetu wa wadudu, mtu wa bara, alicheka. Mimi nilikasirika hasa.

Jumanne, 8 Juni

Kituoni Msambweni. Daktari alitueleza upya. Wenzake ng'ambo wajaribu kubadilisha chembe za urithi za mbu, azaliwe asiyeweza kubeba malaria. Lazima wamjue na mbu wa kwetu, ndiyo sababu twawataka wazima, watage. Jumamosi arudi Nairobi. Vikombe vya kuwekea mbu bado vitupu, kila nyumba imetufukizia udi. Ustaarabu huu utatuponza.

Najua mbu waliko. Chumba cha Salimu, mdogo wangu. Malaria ilimchukua akiwa darasa la kwanza. Mama alikifunga, hakifagii wala hakifukizi. Kidirisha hakina wavu. Wakishakunywa damu yetu, humo ndimo wapumzikamo. Nani amwambie mama? Miye naogopa.

Alhamisi, 10 Juni

Salimu kanijaa kichwani. Magharibi akiwaua mbu kwa makofi, pa! pa! Mama toka jikoni: "Harusi ya nani hiyo?" Naye: "Yako, mama!" Kila siku, na kila siku twacheka. Moshi wa kivumbasi wa kufukuzia mbu, wali wa nazi, kanga moja twaigombania mkekani. Enzi zile! Ningepewa jioni moja tu.

Nimemwambia mama habari ya chumba. Alikwenda kuanua nguo, nazo bado mbichi.

Ijumaa, 11 Juni

Mama hakufukiza. Alitoka, ufunguo umefungwa pindoni mwa kanga.

"Shikamoo, mama," daktari alimwamkia.

"Marahaba. Mtanisamehe, leo nyumba hainukii."

Akafungua. Kitanda cha kamba. Shati la shule msumarini, dogo mno. Ukutani mbu tele, matumbo mekundu. Nililia na mrija mdomoni, nikashindwa kufyonza. Daktari alinipokea mrija.

Mama akamwuliza kama kweli watamfanya mbu asiue. Daktari alisema si leo, na huenda yeye na wenzake wasiione siku hiyo. Hakumdanganya. Nilimpenda kwa hilo.

Mbu mmoja akamtua mama mkononi. Nikainua kiganja.

"Mwache!" mama akanizuia. "Mchukueni na huyo. Mzima."

Jumamosi, 12 Juni

Daktari kaondoka asubuhi na vikombe vyake. Manyunyu mchana kutwa. Nimeshinda kwa mama. Chumba kimefagiliwa, mlango wazi, shati limefuliwa, laning'inia barazani.

Jioni tuliwasha kivumbasi. Mbu akanililia sikioni, nikampiga kofi bila kuwaza. Pa!

Sauti ya mama toka jikoni, ya zamani kabisa: "Harusi ya nani hiyo?"

Nikajibu mimi.