Mama, Rekodi Zako Zimehama

Mama yangu, shikamoo.

Hii siwezi kuinyamazia mpaka tuonane: rekodi zako zimehama! Zote, mama. Zimetoka kwenye ile kompyuta nene uliyoipakia kwenye bajaji siku maktaba yenu ya Temeke ilipofungwa, zimeingia kwenye laptop yangu. Nakuandikia nikiwa kibarazani hapa Tabata, asubuhi ya Jumamosi, na kila baada ya sentensi mbili nasimama kuziangalia tena.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiziingiza? Mie nilikuwa darasa la sita, nakusomea kadi, wewe unaandika. Uliorodhesha kila kilichoandikwa kuhusu watu wetu wa kusini, nani kaandika, mwaka gani, na kinapatikana wapi: vitabu, tasnifu, ripoti, hata kurasa za magazeti zilizofungiwa maandazi. Nikikosea mwaka unanirudisha. "Soma tena, mwanangu. Mwaka ukikosewa, mtu atapotea njia."

Unakumbuka pia siku niliyokukosea. Nilikuwa nimeanza chuo, kichwa kimejaa, nikakuambia, "Mama, haya nani atayasoma? Siku hizi kila kitu kipo mtandaoni." Hukunigombeza. Ulivua miwani, ukaifuta kwa ncha ya kanga, ukasema, "Kilichopo mtandaoni kimewekwa na mtu." Kisha ukaendelea kuandika, peke yako. Sikukusomea tena kadi hata moja, na wewe hukuniomba.

Ulipoondoka, kompyuta ikabaki imefunikwa kitambaa. Kaka Hamisi alitaka kuiuza chuma chakavu. "Sista, hili dude linakula nafasi tu." Nami nilikuwa nimeshakubali, mama. Nakuambia ukweli.

Kabla mnunuzi hajaja, nikakutana na Zuhura, mpangaji mpya wa jirani. Anasoma chuo kikuu, anaandika tasnifu kuhusu wanawake wafinyanzi wa kusini. Alikuwa karibu kulia. Msimamizi wake amemwambia abadilishe mada kwa sababu maandishi hayatoshi. Nikamshika mkono hivyohivyo na ndoo yake ya maji, nikamleta sebuleni.

Kompyuta ilikataa mara mbili. Ya tatu ikakoroma, ikawaka. Nikaandika "ufinyanzi" kwenye ile programu yako ya zamani, na orodha ikaanza kushuka. Zuhura akapiga ukelele hadi Hamisi akatoka bafuni na povu kichwani.

Ila kioo kilikuwa kinazimika kila baada ya dakika chache. Tukajua tukichelewa tutazikosa. Tukazinakili rekodi zote kwenye diski za zamani, fundi mmoja wa Kariakoo akatusomea diski hizo na kutuwekea kwenye flashi. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza! Programu yako haikuzipa majina sehemu za rekodi, ilizipa namba tu, na programu mpya ya kutunzia marejeo niliyoiweka kwenye laptop inataka kuambiwa kila kitu: namba hii ni mwandishi, hii kichwa, hii mwaka. Jaribio la kwanza, waandishi watatu wa kitabu kimoja wakawa mtu mmoja. Zuhura akasema, "Huyu ndugu ana ukoo mrefu!" Kumbe ulikuwa ukiwatenganisha kwa alama ya asilimia. Tukarekebisha. Jaribio la pili, kila "ng'ombe" na kila "ng'ambo" wakaja na alama ya kuuliza tumboni. Tukarekebisha tena. La tatu likaingia safi, nikaruka, nikamkumbatia Zuhura.

Yeye akawa bado anatazama faili. "Dada, hii namba ya mwisho mbona hujaipa mahali?"

Ilikuwa namba ya maoni yako. Nilikuwa nimekuacha nje, mama! Tulipokurudisha, nikasikia sauti yako kila mahali. "Kurasa mbili zimeliwa na mchwa." "Mwandishi huyu hakufika kijijini, msimwamini sana." Na chini ya ripoti moja kuhusu vyungu: "Nakala pekee iko Kigamboni kwa Bi Somoe, mjane wa mwalimu aliyeiandika. Pigeni hodi kwa nguvu, hasikii vizuri."

Umetuelekeza hadi namna ya kupiga hodi. Jana tulivuka daraja, tukauliza, tukapiga hodi kwa nguvu. Bi Somoe yuko hai. Nilipopaza sauti kumwambia mie ni mtoto wa Mwanahawa wa maktaba, alinishika mashavu kwa mikono miwili. "Mwanahawa alikuja hapa mara nne. Alikuwa ananibembeleza nisiichome ripoti ya marehemu."

Ripoti hakuitoa nje. "Someni hapahapa." Basi Zuhura akasoma kwa sauti ya muadhini, mpaka majirani wakachungulia. Alipofika kwenye sura ya udongo, bibi akainua mkono.

"Hapo mume wangu kakosea. Sie hatukuchimba mtoni. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, nilimbebea udongo mwenyewe. Mume wangu aliogopa tu kuniuliza, alikuwa msomi."

Zuhura akaacha kusoma, akawasha kinasa sauti cha simu. Bi Somoe alizungumza hadi alasiri: udongo wa wapi, kuni za mti gani, maneno gani husemwa chungu kikipasuka. Hakuna aliyewahi kuyaandika, mama. Hata wewe hukuwa nayo.

Nilikosea siku ile. Nimebeba hilo neno miaka yote, na leo naliweka chini mbele yako, nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kudhani rekodi zinaweza kumpa mtu.

Kabla hatujaaga nilifungua laptop, nikaanza rekodi mpya, nikamuomba bibi jina lake kamili.

"La nini?"

"La kuweka kwenye orodha. Maelezo haya ni yako."

"Na mie niwemo humo, pamoja na wasomi?"

"Utakuwemo, bibi."

Akainuka, akasema, "Ngojeni," akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa kanga mpya, amejitanda vizuri. Akakaa, akanyoosha mgongo, akalitaja jina lake polepole, herufi kwa herufi.

Pumzika kwa amani, mama.

Ni mie, binti yako, msoma kadi wako.