Msumari wa Baba

Shosti, nimetoka hospitali na baba sasa hivi. Bado siamini.

Fundi viatu mwenye miaka thelathini kazini katembea siku tatu na msumari ndani ya kiatu chake mwenyewe. Umemzama kisiginoni na hajausikia. Siku tatu.

Daktari kauchomoa, kamwonyesha. Mzee anajibu, "Hicho kiatu nimekigonga mwenyewe, hakiwezi kuwa na msumari." Na msumari huo hapo, mbele ya pua yake. Kweli mganga hajigangi.

Unakumbuka anavyosimama kila hatua ishirini, eti anakagua viatu vya wapita njia? Uongo mtupu. Miguu inambana mpaka hawezi kuendelea. Na mimi nilikuwa namcheka.

Daktari kagusa mguu kutafuta mapigo. Hakuna. Kasema kisukari kimeua hisia za nyayo na kimebana mishipa, damu haifiki, kidonda kikioza atakatwa mguu. Na huenda mishipa ya moyo iko hivyohivyo.

Baba kasikiliza mpaka mwisho, kisha kanyoosha mkono. "Nirudishie msumari wangu, bado mzima."

Shosti, kauulizia msumari. Mguu hajauulizia.