Gari Lilisimama kwa Ajili ya Ronny

Daisy, usipige simu, soma tu.

Nimemwacha Ronny. Leo, akiwa kazini. Niliita ile teksi isiyo na dereva, kwa sababu madereva wote wa mtaani kwetu JVC, hapa Dubai, ni marafiki zake, wangempigia hata kabla sijafunga mlango.

Gari likaja, nikapakia sanduku, tukaanza kwenda. Nikajua nimepona.

Kumbe alikuwa amesahau simu nyumbani, akairudia. Akaniona kwenye dirisha la gari, akaja kusimama katikati ya barabara, mbele yetu.

Gari likasimama, Daisy. Likatulia kabisa. Si limefundishwa lisigonge mtu?

Ameweka mikono kwenye boneti, anatabasamu. "Shuka, mama. Twende nyumbani." Na mimi sina dereva wa kumwambia arudi nyuma. Usukani uko pale, kiti kitupu.

Nikabonyeza kitufe cha msaada. Dada mmoja wa kampuni ya teksi akajibu kwenye spika, "Madam, kuna mtu mbele. Tusubiri apite."

Nikamwambia hatapita.

"Unamfahamu?"

Nikasema, "Ni mume wangu, na ninamwogopa."

Halafu akasema, "Milango imefungwa, madam. Sitaifungua." Akaliamuru gari kutoka huko aliko, likaanza kurudi nyuma polepole, Ronny akilifuata, likageuka likamwacha.

Sasa niko Bur Dubai, kwa Annah wa kanisani.

Ninamwogopa. Nilisema hivyo kwa mtu nisiyemjua hata jina.

Ule mkono niliokuambia niliumia bafuni, Daisy, sikuumia bafuni.